Mwalimu Aliyesema Hapana

Wapo watu, na wengine ni wasomi wenye magari makubwa, ambao mpaka leo wakikaa kula nyama choma pale Kajiado husimulia kwamba yule mwalimu wa jiografia ndiye aliyeniambia niruke. Husimulia wakicheka. Eti alitazama mbingu, akanusa hewa kama mbwa, akasema nenda. Nataka niliseme hili mwanzoni, kabla sijasema lolote lingine juu yake: ni uongo. Alisema hapana. Mimi ndiye niliyekuwa nimefungwa kwenye lile bawa, yeye alikuwa hatua chache kutoka kwangu, na nilimsikia vizuri sana.

Jina lake sitalitaja. Limetamkwa vya kutosha na watu wasiostahili kulitamka. Tulimwita Mwalimu, hata sisi ambao hatukuwahi kukaa darasani kwake. Yeye aliniita Fundi, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kushona maturubai. Nilikuwa na kibanda Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, nikishona vifuniko vya malori na hema za harusi na matanga. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kijana mmoja kutoka Nairobi aliniletea kitambaa chepesi cha rangi tatu, kimeraruka, akaniuliza kama naweza kukirudisha. Kilikuwa cha glaida, yaani bawa pana lililowambwa juu ya mabomba ya alumini. Mtu hujifunga chini yake, akakimbia mpaka ukingoni mwa mlima, akaachia ardhi na kuelea. Nilikishona. Halafu nikaenda kujionea kikiruka, kwenye mlima mmoja kupita mji wa Kajiado, na tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani.

Huko mlimani ndiko nilikomkuta Mwalimu akigombana na watu. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mfupi, mnene, mwenyeji wa Magharibi. Alikuwa akifundisha shule ya upili mjini Kajiado na amepanga nyumba Kitengela. Siku hiyo alikuwa amewaleta wanafunzi wa kidato cha tatu kuona bonde na mawe. Badala yake aliwakuta watu wa klabu wakitandaza mabawa yao, na hakuweza kunyamaza.

"Hiyo soksi yenu mmeiweka nyuma ya jiwe," aliwaambia. Soksi ni kile kifuko cha kitambaa kinachotundikwa juu ya mti kuonyesha upepo unatoka wapi. "Inawaambia hali ya hewa ya jiwe."

Mwenyekiti wa klabu, bwana mrefu wa miwani myeusi, alitabasamu. "Madam, tumekuwa tukiruka hapa miaka mitatu."

"Basi mmekuwa na bahati miaka mitatu."

Walicheka. Lakini alipoteremka na wanafunzi wake, niliona kwa macho yangu Mwenyekiti akimtuma mtu aihamishe soksi. Na huo ndio uliokuwa mtindo wao kwake miaka yote. Watamcheka akiwa yupo, akigeuka wafanye alivyosema.

Jambo lililowafurahisha zaidi ni kwamba Mwalimu aliogopa kwenda juu. Sisemi kuruka. Nasema hata kiti. Balbu ikiungua nyumbani kwake, mtoto wa jirani ndiye aliyepanda kubadilisha, na yeye akatoka nje kabisa asione. Pale mlimani hakuwahi kufika ukingoni. Alisimama hatua kumi nyuma, mkono mmoja umeshika kichaka, na kutoka hapo akafundisha. "Anaogopa stuli, atatufundisha mlima?" walisema. Swali hilo lilinikera tangu mwanzo, na linanikera hadi sasa. Mtu anayeogopa kuanguka ndiye anayetazama vizuri. Wao hawakuogopa kitu, na ndiyo maana hawakuona kitu.

Alichofundisha ni hali ya hewa ndogo. Hakujali mvua za masika wala pepo zinazotoka baharini. Hayo alisema yako kwenye kitabu na yeyote anaweza kusoma. Alitaka ujue hewa ya kiwanja kimoja, ya bonde moja, ya saa nne asubuhi tofauti na saa sita. Ndiyo maana aligombana na redio. Kila jioni aliisikiliza taarifa ya hali ya hewa, hakukosa hata siku moja, na kila jioni aliitukana. "Nairobi na viunga vyake!" alifoka mbele ya redio, kijiko cha sukari kikiwa hewani. "Sasa Kitengela ni kiunga? Kajiado ni kiunga? Hapa peke yake kuna hewa tatu!" Nilimuuliza mara moja kwa nini anasikiliza kama haiamini. Akasema mtu anafaa kujua majirani wanadanganywa nini.

Tuseme ukweli, na yeye hakupenda kukubali kosa. Kuna mwaka aliihakikishia shule kwamba siku ya michezo itakuwa kavu. Mvua ikanyesha mpaka mashati ya wanafunzi yakageuka rangi ya udongo. Walimu wenzake wakamtania wiki nzima. "Hiyo ilikuwa mvua ya Machakos," alisema, bila aibu yoyote. "Ilipotea njia." Huyo huyo angekurudishia daftari ukiandika "karibu dakika kumi," kwa sababu hataki karibu, anataka ngapi.

Daftari. Hapo ndipo nilipokosana naye kwanza. Nilipomwambia nataka kuruka, aliniambia niandike upepo mwaka mmoja.

"Mwaka mzima, Mwalimu?"

"Uko na haraka ya nini? Mlima hauhami."

Nilikasirika, sana. Kulikuwa na vijana wanatoka Nairobi Ijumaa, Jumamosi wanafundishwa kukimbia na bawa kwenye kiteremko kidogo, mwezi ukiisha wanaruka. Na mabawa yao nimeshona mimi. Najua kila mshono, najua wapi uzi umechoka. Halafu mimi nikae chini nihesabu vumbi! Nilimwambia ananionea kwa kuwa sikumaliza shule. Hakubishana. Aliniletea daftari la kurasa mia mbili na kalamu mbili, akasema moja itaisha.

Kwa hiyo nilihesabu vumbi. Siku za soko la mifugo alinipeleka kusimama kando ya uwanja wa Kajiado, pale ng'ombe na mbuzi wamekanyaga mpaka nyasi zote zimekwisha. Jua likipanda, upepo wa kuzunguka ulitokea pale pale, ukainua vumbi na karatasi juu kuliko mabati ya maduka, ukaenda ukafa. Kwetu, upande wa Kati, tuliuita ngoma cia aka, yaani mashetani ya wanawake. Nilimwambia hivyo akanigeukia kwa hasira.

"Kwa nini ya wanawake?"

"Sijui, Mwalimu. Ndivyo wazee walivyosema."

"Wanaume waliogopa kitu, wakaangalia nani wa kubebeshwa." Halafu akaniwekea saa yake mkononi. "Haya. Toka huu ukufe mpaka mwingine uje. Ngapi?"

Zilikuwa dakika kumi na mbili, kisha kumi na moja, kisha kumi na tatu. Alinieleza kwamba ardhi tupu hupata moto kuliko nyasi zinazoizunguka. Hewa iliyo juu yake hupata moto pia na kulala pale chini, imebanwa, kisha ghafla hubanduka na kupanda. Hewa ya pembeni hukimbilia ile nafasi. Glaida ikiingia ndani ya hewa inayopanda, nayo hupanda. Ikiingia pembeni, pale hewa inaposhuka, huangushwa. "Na upepo ukinyamaza ghafla usoni mwako, usifurahi," alisema. "Kuna mahali umeitwa. Utarudi na wenzake."

Wauza ng'ombe walimzoea. "Supa!" mzee mmoja alimsalimu kwa Kimaasai. Naye akajibu, "Ipa," macho yako kwenye vumbi.

"Mwalimu, leo unanunua ng'ombe ama unanunua vumbi?"

"Vumbi. Ng'ombe zenu zimekonda."

Kule Kitengela alisoma upepo kwenye nguo za majirani. Nyumba za kupanga alikokaa zilikuwa na kamba nyingi za kuanika, na Mwalimu alisimama uani, mikono kiunoni, akitazama shuka za watu. Mama mmoja aliyehamia pale kutoka Kware alidhani anatafuta cha kuiba, akaanza kuanua nguo zake kila akimwona. Wakaja wakawa marafiki. Baadaye mama yule ndiye aliyekuwa akimpigia kelele kutoka dirishani: "Mwalimu! Shuka zimegeuka!" Naye hukimbia kuandika.

Kwenye miti ya migunga kule mlimani alifunga vipande vya utepe wa kaseti, ule wa kahawia unaong'aa, kwa sababu unatikiswa hata na pumzi. Aliharibu kaseti zake za kwaya moja baada ya nyingine. Alipomaliza zake aliziomba zangu. Kila mti uliambiwa kazi yake, na kila utepe ulikuwa na ukurasa wake katika daftari.

Lakini somo alilolirudia kuliko yote alinifundishia mtoni. Alinishusha kwenye mto wa Kitengela baada ya mvua, maji yakikimbia, akanionyesha jiwe kubwa katikati. Akatupa jani nyuma ya jiwe. Jani halikuteremka na maji. Lilizunguka, likaanza kupanda mto, taratibu, likielekea kwenye jiwe.

"Mto unaenda wapi?" akaniuliza.

"Chini."

"Jani linasema unaenda wapi?"

"Juu."

"Sasa wewe ukiwa jani?"

Aliniambia kwamba upepo ukipita juu ya mlima hufanya vivyo hivyo. Upande wa nyuma hujikunja, ukapanda kiteremko, ukakupiga usoni vizuri kabisa, nawe ukadhani ni upepo mzuri wa kuruka. Glaida huruka ikiukabili upepo, kwa hiyo mtu anayepigwa usoni hufurahi. Soksi nayo itakubaliana na uso wako, maana imesimama pale pale uliposimama. Vyote viwili vimedanganywa. Kitu kimoja tu hakidanganyiki, na hicho ni kivuli cha wingu kule chini uwandani, kwa sababu wingu liko juu na linajua mto wenyewe unaenda wapi. Akanipa kanuni ambayo sijawahi kuisahau, ingawa kuna siku nilijifanya nimeisahau: kivuli kikija kwako, ruka. Kikikuacha, kaa.

Sasa nifike kwenye siku hiyo. Niliandika mwaka, na kalamu moja iliisha kama alivyosema. Niliruka mara nyingi salama, yeye akiwa nyuma ameshika kichaka chake. Klabu ikaona fahari juu yangu, au niseme ikaniona nafaa. Kiangazi kimoja mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini Mwenyekiti alileta wageni na watu wa kamera. Alikuwa amewaahidi kuwaonyesha fundi wa Kitengela, mwananchi wa kawaida, akiruka kwa bawa aliloshona mwenyewe. Mimi nilikuwa nimevaa shati jipya. Nalitaja shati kwa sababu naona aibu.

Tulirukia upande wa mashariki, kama kawaida. Saa nne asubuhi jua lilikuwa limekipiga kile kiteremko, na upepo ukanijia usoni, laini na sawa. Soksi ilikuwa imejaa. Wageni wakapiga makofi kabla sijafanya lolote. Nikajifunga.

Mwalimu hakuwa akitazama soksi. Alikuwa akitazama uwanda. Nami nilitazama, na niliona alichoona. Vivuli vya mawingu vilikuwa vikitoka miguuni mwetu na kwenda zao, kuelekea mashariki, vyote, kama mifugo iliyofunguliwa boma. Upepo wenyewe ulikuwa unatoka nyuma yetu, magharibi, upande wa Magadi. Tulikuwa nyuma ya jiwe.

"Hapana," alisema Mwalimu.

Mwenyekiti akageuka. "Madam, soksi iko sawa. Angalia."

"Mimi naangalia kivuli. Fundi, fungua hizo kamba."

"Watu wametoka Nairobi," Mwenyekiti alisema, sasa akiniambia mimi, kwa sauti ya chini. "Ni dakika tano tu. Ama umeshaogopa kama yeye?"

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameacha kichaka. Hatua kumi zile alikuwa amezipunguza mpaka nne au tatu, jasho likimtoka usoni. Hakuwahi kufika karibu na ukingo namna ile. "Hapana, Fundi," alisema mara ya pili.

Mimi nikakimbia.

Sitaeleza sana. Hatua sita, nikaachia ardhi, bawa likabeba kwa muda wa pumzi mbili. Halafu hewa ikaondoka chini yangu yote kwa pamoja. Bawa likapinduka upande wa kushoto na mlima ukaja. Nilivunjika fupa la paja na kifundo cha mkono wa kulia. Wanasema nilikuwa nikipiga kelele. Mimi nakumbuka tu vumbi mdomoni.

Siku ya nne hospitalini Mwenyekiti alikuja na matunda na karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema, kwa Kiingereza kizuri, kwamba mtazamaji wa hali ya hewa, mwalimu fulani wa shule fulani, alichunguza upepo na kutoa ruhusa. Jina lake lilikuwa limeandikwa lote.

"Hii si kweli," nilisema.

"Ni karatasi ya klabu tu. Lazima kuwe na maelezo." Akavuta kiti. "Tukisema ni mimi, mlima utafungwa. Tukisema ni wewe, huwezi kuruka na sisi tena. Yeye hana la kupoteza, yeye haruki. Unaelewa?"

Hana la kupoteza! Nimekasirika ninapoandika maneno hayo, na sioni sababu ya kuficha. Mtu mzima, msomi, alikaa kando ya kitanda changu akapima nani ana thamani, akamtoa yule pekee aliyesema ukweli. Na hasira yangu haiishii kwake, kwa sababu kalamu nilishika mimi. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, nikatia sahihi kwa wa kushoto. Ilitoka imepinda kama ya mtoto wa chekechea, lakini ilikubalika.

Karatasi ya klabu tu haikukaa klabuni. Sijui nani aliipeleka shuleni. Bodi ya shule ilimwita Mwalimu na kumwuliza kwa nini anawaambia watu wajirushe kutoka milimani. Alisema alikataza. Wakamwonyesha sahihi yangu. Aliyenisimulia haya ni yule mama wa shuka. Akasema Mwalimu aliitazama ile sahihi kwa muda mrefu, kisha akasema hana la kuongeza. Wakaking'oa kisanduku cheupe cha vipimo vya hali ya hewa alichokijenga uwanjani na wanafunzi. Wakamkataza kuwatoa wanafunzi nje ya darasa, yeye ambaye darasa lake lote lilikuwa nje. Muhula uliofuata akahamishwa kwenda shule ya mbali, upande wa Loitokitok. Alifungasha bila kuniaga, na sikustahili kuagwa.

Nilipona. Mguu mmoja ukabaki mfupi kidogo. Na hili ndilo linaloniuma kuliko mguu: nilirudi kuruka. Miaka saba, kila Jumamosi nilipoweza, niliketi ukingoni nikatazama vivuli kama alivyonifundisha, nikahesabu dakika kama alivyonifundisha, nikatua salama. Kisha nikala nyama na watu waliosimulia jinsi Mwalimu alivyonusa hewa kama mbwa. Walipocheka, nilitazama sahani yangu. Ukiniuliza niliogopa nini, nitakuambia niliogopa kukosa Jumamosi. Ni jibu dogo, lakini ndilo la kweli.

Kisha klabu ikachapisha kijitabu cha kuwafundisha wapya. Nilipewa nakala nikaisoma kibandani, na damu ikanichemka. Yote yalikuwa yake. Jani nyuma ya jiwe. Upepo ukinyamaza usifurahi. Vumbi la uwanja wa mifugo, dakika kumi na mbili. Hata utepe wa kaseti. Jalada lilikuwa na picha ya Mwenyekiti na jina lake chini yake, na Mwalimu hakutajwa popote. Nilisikia amestaafu, amejenga kwenye ploti yake Kitengela, nyuma ya yale maghorofa mapya. Nilikiweka kijitabu mfukoni nikaenda. Nilikuwa na hasira ya kumwonyesha alivyoibiwa. Samahani yangu niliibeba pia, imekaririwa.

Alifungua mlango mwenyewe. Nywele zilikuwa nyeupe, na alikuwa amepungua mwili. Maghorofa yalikuwa yameuzunguka ua wake pande tatu, na sauti za mafundi wa ujenzi ziliingia mpaka sebuleni. Alitazama mguu wangu kabla ya uso wangu.

"Fundi. Ingia."

"Mwalimu, nimekuja kusema..."

"Umeshika nini?"

Nikampa. Akavaa miwani, akaketi karibu na dirisha, akasoma kila ukurasa, na mimi nimesimama. Nilingoja aone wizi. Aligeuza kurasa zenye maneno yake mwenyewe bila kubadilika uso. Nilitaka kupiga kelele kwa niaba yake. Karibu na mwisho alisita. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena, na hapo ndipo nilipomwona yule wa zamani aliyekuwa akiifokea redio.

"Hii ni nini? Nani aliandika hii?" Kidole chake kilikuwa kikigonga karatasi. "Soma."

Nikasoma. Iliandikwa kwamba vivuli vya mawingu ndivyo mwongozo bora, lakini siku isiyo na mawingu mrukaji anaweza kuitegemea soksi.

"Kama hakuna vivuli, huruki!" alisema. "Huruki! Utajuaje mto unaenda wapi? Fundi, umesoma hii kitu ukaona iko sawa?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimekisoma kitabu kizima nikitafuta jina lake, na ule mstari ulinipita.

"Mtu atakufa na hii," alisema. "Mtoto wa mtu. Wanapatia wangapi?"

"Wote wanaoingia. Wapya wataruka Jumamosi hii."

Akainuka, akaleta karatasi na kalamu, akaviweka mezani mbele yangu na kuvuta kiti. "Andika. Jumamosi utawasomea, wote wakiwepo."

Niliandika alivyoniambia: ukurasa gani, mstari gani, kosa ni nini, kanuni sahihi ni ipi. Nilipofika mwisho nikasimamisha kalamu.

"Mwalimu, wataniuliza imetoka kwa nani. Nikisema imetoka kwako, watasema ni yule aliyeniambia niruke. Hawatasikia hata neno moja."

"Eeh," alisema. "Hapo umefika."

Nje, kifaa cha kuchanganya zege kilizimwa. Nikaanza ile samahani niliyoikariri. Akainua mkono.

"Hiyo ni yako na mimi, tutaongea siku ingine. Hawa wataruka Jumamosi. Siku ile mimi nilisema nini?"

"Ulisema hapana."

"Andika."

Nikaandika.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Tatu," alisema. "Hiyo ya tatu hukusikia. Ulikuwa umeshatoka, na mimi nilikuwa pale mwisho kabisa, pale miguu yako iliachia ardhi."

Nilimtazama. Nilijaribu kumwona pale ukingoni peke yake, yeye aliyekuwa akitoka nje balbu ikibadilishwa, na sikuweza kuendelea kumtazama. Nikaandika tatu.

Akaichukua karatasi, akaisoma kuanzia juu hadi chini, akasahihisha neno moja. Kisha akairudisha mezani na kuniwekea kalamu mkononi, ule wa kulia.

"Sasa weka sahihi," alisema. "Kwa ile karatasi ingine uliweka."